Tundu la Sita

Mwaka wa nzige, Kansas, kabla theluji haijashika,
Permelia Stroud aliingia karakanani na bastola ya marehemu
kaiviringa kwa aproni, kama mkate unaohofiwa kupoa.

Alitaka igeuzwe.
"Mbweha akiwa bandani usiku," alimwambia baba,
"sina mikono ya kumimina baruti, kutia risasi,
kushindilia, kupachika fataki kwenye chuchu,
moja, na nyingine, na nyingine,
vidole vimekufa ganzi.
Nataka hizi za maganda ya shaba. Unatia, unafunga, basi."

Malipo: mayai, dazeni nane.
Kuku wake walikula nzige hadi viini vikawa vyekundu,
na ladha, Mungu anisamehe, ladha ilikuwa ya nzige.
Nikaandika daftarini: mayai.
Ladha sikuiandika.

Baba, Torvald Ekdahl, bubu wa lugha mbili,
hakugusa tupa kabla ya kupima.
Akatwaa mdeki mwembamba, akautumbukiza tundu la kwanza:
ukazama hadi alama.
La pili. La tatu. La nne. La tano vilevile.
La sita ukagota.

Tukatazamana.
Miaka kumi juu ya rafu ya jikoni,
juu ya pipa la unga, juu ya utosi wa mtoto anayejifunza kusimama,
chuma kile kimelala na neno moja mdomoni.

"Haiwezekani," akasema Bi Stroud. "Alipiga zote.
Siku ile ya kijito, zote sita.
Kila Krismasi alizihesabu kwa kijiko mezani:
ta, ta, ta, ta, ta."
Akanyamaza. Mkono wake ulikuwa hewani,
umeshika kijiko kisichokuwepo.
"Ya sita," akasema, "ilikuwa ikichelewa kidogo."

Baba akamimina mafuta, akangoja hadi adhuhuri.
Akafungua chuchu, akapenyeza parafujo kwenye risasi,
akaivuta kama jino la farasi, taratibu, bila kuzungumza nalo.
Ikatoka ya kijivu, na mkwaruzo kiunoni.
Nyuma yake baruti, imeganda
kama kahawa iliyosahauliwa sufuriani.
Fataki haikuwepo.
Labda ilianguka njiani. Labda haikupachikwa.
Labda nyundo ilishuka, pasiwake kitu,
na kijana aliyekuwa ng'ambo ya maji akapata wajukuu.

Bi Stroud aliuliza mara moja tu:
"Ilikataa, au alikataa?"

Baba alijua majibu ya vyuma vingi.
Akaibana silinda kwenye kerezo, akakanyaga kanyagio.
Kisigino chake kikakatika chote, na chuchu zake sita,
kikaangukia vumbini: pete nene, isiyotosha kidole cha mtu.
Kisha keekee, kila tundu, sasa laona mbele na nyuma.
Kisha bamba jipya, na mlango mdogo ubavuni
wa kuingizia maganda, na pua ya nyundo ikachongwa upya.
Nilishika taa. Chuma kilinuka moto na kitunguu.

Ijumaa alirudi. Baba akampa maganda sita kiganjani,
akamwonyesha: bonyeza, zungusha, sikia mlio.
"Lakini tia tano," akasema, "moja iache tupu.
Nyundo ilale juu ya tundu tupu.
Wenye akili wote hubeba hivyo,
usije ukajipiga mguu ukishuka garini."

Akamkodolea baba macho, kisha akacheka,
kicheko kibaya, cha kukohoa,
hata akashika jiliwa asianguke.
"Tano," akasema. "Kumbe ni desturi."
Akalirudisha ganda moja kwenye meza, akaenda zake.

Ganda tuliliuza.
Ile risasi ya kale haikuulizwa na mtu.
Inakandamiza karatasi zangu hadi leo.
Upepo wa huku si mdogo.